Helikopta Kubwa Haitaki Mtu wa Peke Yake

Maneno niliyowaambia vijana wapenda helikopta za telekomande pamoja na wazazi wao, Lubumbashi

Papa na mama mliofika, wayaya, wadogo zangu, jambo yenu wote. Aksanti kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa hapa kusikiliza habari za helikopta.

Tumeitana kwa jambo moja. Vijana wetu wamekuwa wakirusha zile helikopta ndogo za sebuleni, wamezizoea, na sasa wanataka kubwa ya kurushia nje. Wapo walioanza kuweka fedha. Wapo wenye mjomba Dubai au Johannesburg ambaye ameshaahidi. Na wazazi wananisimamisha njiani wananiuliza: tuwaruhusu au tuwakatalie? Jibu langu ni kwamba muwaruhusu, kwa sharti moja ambalo nitalisemea mpaka nikae: helikopta kubwa isinunuliwe na mtu mmoja, na isirushwe na mtu mmoja. Ya sebuleni inamtosha mtu na mikono yake. Ya nje inataka watu watatu, kila mmoja na kazi yake.

Kwanza tuielewe mashine. Ile ndogo mnayoijua ina rota mbili juu ya mhimili mmoja, moja inazunguka kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo kila moja inaizuia mwenzake isikizungushe kiwiliwili. Ndiyo maana ukiachia vijiti inatulia yenyewe. Pembe ya mapanga yake haibadiliki. Inapanda mota ikiongeza mbio na kushuka mota ikipunguza. Ndani ya nyumba inapendeza. Itoe nje, upepo wa kupeperusha kanga kwenye kamba unatosha kuipeleka kwa jirani.

Hii niliyoweka mezani ni ya aina nyingine. Betri nimeitoa, kwa hiyo mkija mbele baadaye mtaishika bila hofu. Ina rota kuu moja juu na rota ndogo mkiani. Rota kuu ikizunguka upande huu, kiwiliwili kinataka kuzunguka upande wa pili, na rota ya mkia ndiyo inayokizuia. Mota yake inashika mbio zilezile muda wote. Kinachoipandisha na kuishusha ni pembe ya mapanga. Tazameni hapa chini ya kichwa cha rota: kuna sahani mbili zimebebana, ya chini haizunguki, ya juu inazunguka pamoja na mhimili. Servo tatu, yaani mota ndogo zinazotii telekomande, zinaisukuma ile ya chini. Sahani ikipanda sawasawa, mapanga yote mawili yanaongeza pembe na helikopta inapanda. Ikiinamishwa mbele, helikopta inainama mbele na kwenda mbele. Na mapanga yanaweza kupewa pembe ya kinyume, yakaisukuma helikopta kuelekea chini hata upepo unapotaka kuinyanyua. Hapo ndipo inapopata uwezo wa kukaa nje.

Mtasikia wauzaji wanataja 450, 500, 600, 700. Ni madaraja ya ukubwa. Kwa zile kubwa namba inakaribia urefu wa panga moja kwa milimita, lakini 450 ina panga la milimita 325 hivi, kwa hiyo msinunue namba. Ulizeni urefu wa panga na kipenyo cha rota. Ya 450 pamoja na betri haifiki kilo 1, ya 600 inapita kilo 3, na ya 700 inakaribia kilo 5.

Watu wengi wanadhani kubwa ni ngumu zaidi kurusha. Ukweli ni kwamba hewani kubwa ni nyepesi mkononi. Mnawajua wale wanaoingiza makala, yaani mkaa wa kupikia, mjini kwa baiskeli, magunia yamefungwa mpaka juu ya kichwa cha msukumaji. Baiskeli tupu inayumba kwa kila kijiwe; iliyopakia inashika njia yake, lakini mwenye kuisukuma hawezi kuisimamisha ghafla kwenye mteremko. Helikopta ya kilo 3 iko hivyo. Upepo mdogo hauisumbui, unaiona vizuri hata ikiwa mbali, inakupa muda wa kufikiri. Lakini ukichelewa kuizuia, imeshafika pale ulipokuwa hutaki ifike.

Wadogo zangu, toeni simu mpige hesabu pamoja nami. Rota ya daraja la 700 ina kipenyo cha mita 1.58. Zidisha kwa 3.14: ncha ya panga inasafiri karibu mita 5 katika mzunguko mmoja. Inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Hiyo ni mita 10,000 kwa dakika, sawa na kilomita 600 kwa saa. Sasa fanyeni ya hii iliyo mezani: kipenyo sentimita 71, mizunguko 2,800 kwa dakika. Mmepata kama kilomita 375 kwa saa. Naam, hii ndogo ya mezani. Na panga lenyewe ni la nyuzi za kaboni, gumu, lenye ukingo mwembamba.

Mwaka 2013 huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kupigwa kichwani na mapanga ya helikopta yake mwenyewe. Alikuwa mzoefu, na alikuwa katika bustani inayotumiwa na warushaji. Sisemi hili kumtisha mama yeyote hapa. Nalisema kwa sababu wapo wanaouza mashine hizi kama vitu vya kuchezea watoto, na mzazi anayelipa ana haki ya kujua analipia nini.

Sasa nifike kwenye hao watu watatu.

Ukirusha chochote nje katika jiji hili, uwe Katuba, uwe Ruashi, uwe Kampemba, kabla hata hakijapita juu ya paa watoto wameshafika. Wanatoka kila kona, wanakimbia, wanapiga kelele kwa furaha, na mtoto anayetazama angani hatazami miguu inampeleka wapi. Wanakimbilia pale pale helikopta inapokwenda kutua. Furaha yao ni halali. Siku zote nafurahi kuwaona. Ila mrushaji hawezi kutazama helikopta na kutazama watoto kwa wakati mmoja. Akigeuza macho kwa sekunde mbili, helikopta ya mwendo wa mita 15 kwa sekunde imekwenda mita 30 bila mtu.

Kwa hiyo mtu wa kwanza ni mrushaji, na macho yake hayatoki kwenye helikopta. Wa pili ni mtazamaji. Anasimama nyuma ya bega la mrushaji, haangalii ufundi wa mwenzake, anaangalia kila kitu kingine: mtu anayeingia uwanjani, ng'ombe, pikipiki, ndege mkubwa, saa ya betri. Anasema kwa sauti, maneno machache: "Mtu kulia." "Dakika tano." "Shusha." Na akisema shusha, mrushaji anashusha kwanza, maswali baadaye. Wa tatu ni mlinzi wa kamba. Kabla helikopta haijatoka kwenye boksi, yeye ameshafunga kamba kwenye vijiti, ameshaongea na watoto, ameshawaambia wakae upande huu na helikopta itarukia upande ule. Mkimpata mlinzi mwenye ulimi mzuri, anayeweza kuwaeleza watoto kinachotokea mpaka wakakaa chini wenyewe, mshikeni sana. Ni kipaji kama kurusha, na mimi nakiheshimu zaidi.

Sheria yetu ni kwamba watu wote waliokuja kutazama wanakaa upande mmoja, nyuma ya mrushaji, mita 30 au zaidi, na helikopta hairuki kamwe juu yao wala nyuma yao. Mrushaji mwenyewe anakaa hatua zisizopungua kumi kutoka kwenye rota inapoanza kuzunguka. Mmoja wa watatu akikosekana, tunarudi nyumbani. Najua inauma: umeamka gizani, umelipa taksi, betri zimejaa. Tunarudi.

Uwanja sasa. Tumebarikiwa nchi tambarare, hatuna milima ya Bukavu wala mawe ya volkano ya Goma. Tulicho nacho ni vichuguu. Vichuguu vya Katanga si vya kuruka kwa mguu. Vipo vinavyozidi urefu wa nyumba, vimeota miti juu. Upepo ukikigonga kichuguu kama hicho unapinduka nyuma yake na kwenda ovyo, na helikopta inayopita hapo chini inadondoka ghafla kama imekatwa kamba. Chagueni mahali ambapo vichuguu viko mbali, au basi viwe upande upepo unakoelekea. Angalieni nyaya za umeme, maana wembamba wake unazificha angani, hasa jua likiwa machoni. Na majani yawe mafupi: rota ya mkia ikigusa nyasi ndefu wakati wa kutua, meno ya gia zake za plastiki yanakatika.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua inatunyima siku nyingi, ingawa asubuhi baada ya mvua hewa huwa safi na tulivu. Juni na Julai anga ni nzuri kuliko wakati wowote, ila alfajiri baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na betri ya lithiamu ikiwa baridi inakuwa mvivu, voltiji inaanguka mara tu unapoomba nguvu. Ifungeni kwenye nguo, iwekeni ndani ya koti mpaka wakati wake. Agosti na Septemba upepo unaamka na vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kwenye beringi, kwenye mota, kwenye vifundo vya mpira, vile viungo vya mviringo vinavyounganisha servo na sahani. Tandikeni turubai mahali pa kutua, na baada ya kila siku ya kurusha chukueni burashi ya rangi, laini, mfute kiungo kimoja kimoja.

Kuna jambo jingine la Lubumbashi ambalo vitabu vya watengenezaji havitawaambia, kwa sababu wao wanapimia kwenye nchi za chini. Sisi tunaishi karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, upungufu unakaribia asilimia 18. Panga la rota linaishi kwa kusukuma hewa. Hewa ikipungua, lazima liongezewe pembe au mizunguko. Nguvu ya kuelea tu, bila kufanya mbwembwe yoyote, inaongezeka kama asilimia 10 kuliko usawa wa bahari. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi si zetu. Mota inafanya kazi zaidi huku hewa ya kuipoza ikiwa chache. Wekeni saa kwenye telekomande, anzeni na dakika nne, mkitua pimeni betri, mjue imebaki na kiasi gani, ndipo muongeze kidogo kidogo. Na msibandike vitu visivyo na kazi, taa, kamera, mapambo. Kila gramu hapa ina bei kuliko kwao.

Nimesema betri, naomba nikae hapo, kwa sababu hofu yangu kubwa iko kwenye betri kuliko kwenye mapanga.

Betri hizi ni za lithiamu-polima. Seli moja ina volti 3.7 za kawaida, ikijaa ni volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 imeharibika. Ya 450 huwa na seli tatu, ya 600 seli sita, ya 700 seli kumi na mbili, volti 44 na zaidi. Tumieni sehemu nne kati ya tano za uwezo wake, mtue. Ikikaa zaidi ya siku mbili bila kutumika, iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, isiwe imejaa wala tupu. Ishikeni kila mara kabla ya kuichaji: ganda lake liwe bapa. Likivimba hata kidogo, likiwa kama mto mdogo unaobonyea, betri hiyo imemaliza kazi. Hakuna kuitoboa ili hewa itoke. Anayeitoboa anaiwasha moto.

Na sasa tabia yetu sote. Umeme unakatika, unarudi saa saba ya usiku, na kila nyumba inaamka: simu zinachomekwa, pasi inachomekwa, ndoo inawekwa chini ya bomba. Kijana naye anaamka, anachomeka chaja ya betri za helikopta chini ya kitanda, analala tena. Wazazi, hilo ndilo mlikatae, hata kama mengine yote mtayaruhusu. Betri ya lithiamu ikishika moto inafoka miali na moshi wa sumu ndani ya sekunde chache, na mtu aliyelala hana sekunde hizo. Ichajiwe mtu akiwa macho, akiwa karibu, juu ya matofali au ndani ya chungu cha udongo, mbali na godoro na pazia, na mchanga mkavu ukiwa tayari kwenye ndoo. Chaja nyingi za kazi hii zinakubali volti 12, kwa hiyo zinakula kwenye betri ya gari au ya sola. Sisi tunachaji uwanjani, mchana, chini ya mti, watatu tukizitazama. Umeme wa usiku waachieni simu.

Wale wenye wajomba nje waambieni hivi: betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoshushwa chini ya ndege, zinabebwa mkononi, ncha zake zimezibwa. Mpaka wati-saa 100 zinapita. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege lazima likubali kwanza. Betri ya seli sita ya miliampea-saa 5,000 ina wati-saa 111, kwa hiyo mjomba aulize kabla hajafika kwenye kaunta. Za 450 hazifiki 30, hazina shida.

Mzee mmoja aliniambia wiki iliyopita kwamba huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Nilimjibu kwa habari ya Arthur Young, Mmarekani, ambaye kuanzia mwaka 1928 alikaa zaidi ya miaka kumi akitengeneza vihelikopta vidogo, akivirusha, vikivunjika, akivitengeneza tena, akitafuta kwa nini helikopta inapinduka. Alipata dawa: fimbo yenye uzito ncha zote mbili, inayozunguka pamoja na rota na kuituliza. Mwaka 1941 alikipeleka kihelikopta chake kwenye kampuni ya Bell akawaonyesha. Tarehe 8 Machi 1946, Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha matumizi ya kiraia. Ilianza na kitu cha kushikika mkononi. Na mpaka miaka si mingi iliyopita, karibu kila helikopta ya telekomande ilikuwa na fimbo ya ukoo huo juu ya kichwa chake, tangu zile za Mjerumani Dieter Schlüter, aliyewafungulia wapenda mchezo huu mlango mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo kazi ya fimbo imechukuliwa na kidude cha elektroniki chenye ukubwa wa kiberiti, kinachohisi kila mtikisiko na kuzirekebisha servo mara mamia kwa sekunde.

Basi tununue nini? Maoni yangu, na nayasema nikijua wapo wasioyapenda: msiruke kutoka ya sebuleni mpaka 700. Hata 600 ingojeeni. Nunueni 450 au 500, msichangie chini ya watatu wala zaidi ya watano. Ya 450 ikianguka, na itaanguka, mtabadilisha mapanga, mhimili mkuu, kimhimili kinachobeba mapanga, gia kubwa na pengine bomba la mkia. Vipuri vyake vinapatikana kwa wingi, na vya watengenezaji wengi vinaingiliana. Ya 700 ikianguka mara moja, kikundi kinavunjika kabla ya helikopta kutengenezwa, maana hapo watu wanaanza kutafutana lawama. Fedha za mwaka wa kwanza zigaweni hivi: nusu mashine, nusu vipuri, betri na chaja nzuri. Chaja ya bei ya chini ni hasara. Telekomande nzuri, kwa upande mwingine, nunueni mapema, kwa sababu hiyo mtahama nayo mpaka 700.

Na kabla ya yote, programu ya kuigiza urukaji kwenye kompyuta. Telekomande ileile inachomekwa kwa waya, na mnaanguka bure. Humo ndimo mtakapojifunza jambo linalowashinda wengi: helikopta ikikugeuzia mkia, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikuelekezea pua, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unadanganyika. Mtu asiguse ya kweli mpaka aweze kuelea kwenye kompyuta ikiwa imempa mkia, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na pua, bila kufikiri. Dakika ishirini kila jioni zina faida kuliko saa nne za Jumapili.

Siku ya kwanza ya kweli, fungeni chini yake zile fimbo mbili za msalaba zenye mipira ncha zake. Zinaizuia isipinduke ikitua vibaya. Na msikae na sentimita 30 kutoka ardhini mkidhani huko ndiko salama. Karibu na ardhi, chini ya urefu wa kipenyo cha rota, hewa inayosukumwa inarudi, helikopta inateleza huku na huku. Ikipanda mita mbili inatulia. Na ikishuka, isishuke wima kwa haraka juu ya hewa yake yenyewe, maana rota inazama kwenye mzunguko wake na kuongeza pembe hakusaidii tena. Ishusheni huku ikisogea mbele kidogo.

Niwaonyeshe ukaguzi, mara moja, kwa mikono yangu. Telekomande inawashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Swichi ya kukata mota, hii hapa, iko chini muda wote, haipandishwi mpaka nimerudi hatua zangu kumi. Navuta kila kifundo cha mpira kwa vidole viwili, taratibu: kikitoka chenyewe, kimekwisha. Nashika mapanga, nayapandisha na kuyashusha kuona kama kimhimili cha ndani kimepinda. Nainamisha helikopta nzima ubavuni: panga linatakiwa lishike mahali pake bila kulegea, lakini nikilitikisa literemke. Skrubu zote zinazoingia kwenye chuma ziwe na gundi ya buluu ya kuzuia zisilegee. Naunganisha betri, natulia bila kuigusa mpaka jairo, kile kidude cha elektroniki, imalize kujipima, kisha nainamisha kiwiliwili kwa mkono na kutazama kama sahani inainama kinyume. Ikiinama upande uleule, jairo imepangwa kinyumenyume, na helikopta hiyo itajipindua sekunde inayoondoka chini. Mwisho mwenzangu anabeba telekomande mbali, kwa ile hali ya nguvu ndogo, tuone kama mawasiliano yanashika.

Swichi hiyo ya kukata mota ina kazi nyingine pia. Mota ikifa angani, kata, punguza pembe ya mapanga, acha hewa inayopanda iizungushe rota yenyewe, na karibu na ardhi tumia mzunguko huo kuishusha polepole. Rota hukupa nafasi moja tu. Mfanye mazoezi hayo kwenye kompyuta kwanza, kisha kwenye 450. Anayeweza kuyafanya mara kwa mara bila kuvunja kitu, huyo ndiye nitakayekubali aguse 600.

Nilipomaliza, maswali yalikuwa mengi, nayaandika mawili.

Papa mmoja aliuliza kuhusu wenye serikali. Anga ya nchi hii ina wenyewe: Autorité de l'Aviation Civile inasimamia usalama wake, na RVA, Régie des Voies Aériennes, inaendesha uwanja wetu wa ndege wa Luano. Upande wa Luano haturushi, hata kwa urefu wa mti. Wala karibu na kambi, gereza au mgodi. Mahali papya tunakwenda kwanza kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, tukiwa na helikopta mkononi, tunamwonyesha, tunamwachia barua yenye majina yetu na namba za simu, na nakala inakwenda komine. Kamera hatuweki. Askari akija, mlinzi wa kamba ndiye anayempokea, mrushaji anatua, na barua inatolewa.

Swali la pili lilitoka kwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, aliyekaa mbele kabisa. Aliuliza kama naye ataruhusiwa. Nilimwambia: Jumapili hii njoo na mama yako saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uvae viatu vya kufunika vidole. Utafunga kamba pamoja na mlinzi, na utawaeleza watoto wenzako kwa nini wakae chini. Tukitoka huko utakaa kwenye kompyuta ya kikundi na telekomande mikononi mwako, mkia ukikutazama, na hapo tutaanza kukuhesabu.